Kumkabidhi mgonjwa kutoka thieta hadi wodini, hatua kwa hatua

Mgonjwa anayetoka kupasuliwa hupita mikononi mwa watu wengi ndani ya saa chache. Mtaalamu wa usingizi anamwachia muuguzi wa chumba cha kuamkia, huyu anamwachia muuguzi wa wodi, na jua likizama muuguzi wa wodi naye anamwachia mwenzake wa zamu ya usiku. Kila anapobadilisha mikono kuna kitu kinaweza kudondoka: dozi iliyokwisha kutolewa, damu iliyopotea, gozi (kitambaa cha kufyonza damu), mzio wa dawa. Mwongozo huu ni wa wauguzi, wataalamu wa usingizi na madaktari wa hospitali za Dar es Salaam, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, na unafaa pia kwa kituo cha afya chenye thieta moja. Dozi na mipaka iliyotajwa humu ni ya mtu mzima. Mtoto ana hesabu zake.

Tunasimamia kanuni moja: makabidhiano hayaishi pale aliyeleta anapomaliza kusema. Yanaisha pale aliyepokea anapoyarudia kwa mdomo wake, mkono wake ukiwa juu ya mgonjwa.

Hatua ya 1: Kabla hajashushwa mezani

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina vituo 3: kabla ya nusu kaputi au ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Kituo cha tatu ndicho chepesi kurukwa, kwa kuwa saa hiyo daktari ameshavua glavu na mhudumu yuko mlangoni na ndoo ya deki. Kisirukwe. Muuguzi wa thieta asome kwa sauti: upasuaji uliofanyika, hesabu ya gozi, sindano na vyombo, jina lililoandikwa kwenye kopo la sampuli, chombo kilichosumbua, na jambo linaloogopwa kwa saa zijazo.

Tunasema upasuaji uliofanyika kwa sababu orodha ya asubuhi hudanganya. Mtu anaingia kama kidole tumbo, anatoka amekatwa kipande cha utumbo na kuungwa. Wodi ikibaki na jina la asubuhi, atanyweshwa uji kabla daktari hajaruhusu.

Mtaalamu wa usingizi ana kazi mbili ambazo hakuna mwingine atakayezikumbuka. Ya kwanza ni kusafisha kila kanula (kimrija cha mshipani) kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi kabla ya kutoka thieta. Ndani ya kanula na kiunganishi chake hubaki dawa, na ikiwa ni dawa ya kulegeza misuli, muuguzi wa wodi atakapoisukuma pamoja na antibayotiki yake saa mbili baadaye, mgonjwa anaweza kuacha kupumua kitandani, mbele ya mtu ambaye hajui kilichotokea. Ya pili ni gozi ya kooni. Kama iliwekwa kwa ajili ya upasuaji wa pua, meno au mdomo, itolewe, ionyeshwe, ndipo iandikwe kwamba imetoka.

Ngozi inapoanza kushonwa, piga simu wodini. Usiseme tu "tunaleta mgonjwa". Taja upasuaji, kama anahitaji oksijeni, kama kuna damu ya kuongeza, na kama anatakiwa kitanda cha karibu na meza ya wauguzi. Wodi zetu hujaa. Ubishi wa kitanda ufanyike kwenye simu, usifanyike koridoni mgonjwa akiwa juu ya machela.

Hatua ya 2: Njiani

Hesabu oksijeni kabla ya kusukuma. Zidisha ujazo wa mtungi kwa baa zinazosomeka kwenye geji, kisha gawanya kwa lita anazotumia kwa dakika. Mtungi wa ujazo wa lita 5 wenye baa 100 una lita 500 hivi. Kwa lita 5 kwa dakika utakwenda dakika 100. Mtungi huohuo ukiwa na baa 50 na mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, una dakika 25 tu, na lifti ikigoma umeme ulipokatika dakika hizo huisha upesi. Safari yoyote, chukua oksijeni ya kutosha mara mbili ya muda unaoutarajia.

Mtaalamu wa usingizi akae upande wa kichwa, aone kifua na midomo, puto la kupumulishia likiwa juu ya machela na si ndani ya droo ya thieta. Mfuko wa mkojo umwagwe na ujazo uandikwe kabla ya kuondoka, la sivyo wodi haitajua mkojo upi ni wa thieta na upi ni wa wodini. Mfuko huo na chupa ya dreni (mrija wa kutoa majimaji kidondani) vikae chini ya kiwango cha mgonjwa, dripu iwe juu.

Mfunike. Nje joto la Dar linakutoa jasho, ila yeye ametoka kulala saa nzima chini ya kiyoyozi, tumbo wazi, akimiminiwa maji ya baridi. Anayetetemeka hutumia oksijeni zaidi, na oksimita ya kidoleni, yaani kipima oksijeni, hupoteza mawimbi na kutoa namba za ajabu. Jambo jingine la pwani ni piko. Kidole kilichopakwa piko nyeusi kinaweza kuikatalia oksimita isisome kabisa au isome uongo, wakati hina nyekundu kwa kawaida haina shida. Hamishia kipimo kwenye ndewe ya sikio au kidole cha mguu kisicho na rangi. Usiamini namba mbaya kabla ya kumtazama mgonjwa, wala usiidharau kwa kisingizio cha piko.

Hatua ya 3: Mikono kwanza, maneno baadaye

Hapa ndipo makabidhiano mengi yanapoharibikia. Machela inafika, mtaalamu wa usingizi anaanza kueleza huku akivuta shuka, muuguzi anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akitafuta pa kuning'iniza dripu, na mhudumu anauliza machela irudi saa ngapi. Maneno yote yamesemwa, na hakuna aliyeyasikia.

Kwa hiyo gawa kazi mbili. Kwanza kila mtu afunge mdomo na kufanya: mgonjwa ahamishwe kitandani, oksijeni iunganishwe, oksimita ivalishwe, presha ipimwe, pumzi zihesabiwe, dripu ihakikishwe inadondoka. Dakika 2 au 3 zinatosha. Ndipo aliyeleta aulize, "Uko tayari nikukabidhi?" Mpaka apate jibu la "niko tayari", asianze. Akishaanza, mwingine asiingilie, isipokuwa mgonjwa amebadilika.

Hatua ya 4: Maneno, kwa mpangilio uleule kila siku

Mpangilio usibadilike kwa kumfuata msemaji. Ni huu: nani, amefanyiwa nini, kwa usingizi au ganzi gani, amepoteza nini na amepewa nini, dawa gani saa ngapi, ana mirija gani, tunaogopa nini, na nani aitwe. Anayesikiliza akiuzoea, hugundua mara moja kipengele kilichorukwa. Haya ni makabidhiano ya mama aliyejifungua kwa upasuaji:

"Sista, uko tayari nikukabidhi?"

"Ngoja nimalize presha, dokta. Haya, 108 kwa 64, mapigo 96. Niko tayari."

"Huyu ni mama wa miaka 28, uzazi wa pili, kilo 70. Amefanyiwa upasuaji wa kujifungua, mtoto yuko salama kwa wakunga. Ganzi ya mgongo, bupivakaini nzito mililita 2, saa 4 na dakika 10 asubuhi. Damu iliyopotea mililita 800, dripu lita 2. Oksitosini uniti 5 mtoto alipotoka, na uniti 20 ziko kwenye lita hii moja, iishe kwa saa 4. Parasetamoli gramu 1 saa 5 asubuhi, nyingine saa 11 jioni. Kanula moja mkono wa kushoto, nimeisafisha. Mpira wa mkojo, mililita 150, mweupe. Ninachoogopa ni damu, mfuko wa uzazi ulilegea kidogo."

"Kidogo ni muda gani?"

"Dakika 5. Ukakaza baada ya kukandwa na kuongezewa oksitosini."

"Mzio hujanitajia."

"Kweli. Hana mzio wa dawa yoyote."

"Nirudie. Upasuaji wa kujifungua, ganzi ya mgongo saa 4 na dakika 10. Ameshapoteza 800, mfuko ulilegea dakika 5, namwangalia damu na mfuko kila dakika 15. Parasetamoli ameshapata ya saa 5 asubuhi, inayofuata saa 11 jioni. Akizidi kutoka damu namwita nani?"

"Daktari wa zamu wa wazazi kwanza, halafu mimi. Namba zote mbili ziko juu ya faili."

Swali lile la "kidogo ni muda gani" ndilo linalotenganisha kupokea na kuitikia. Maneno kama kidogo, vizuri, kawaida na ametulia yasipokelewe bila namba. "Presha nzuri" si presha. "Damu si nyingi" si kipimo. Na "ametulia" ni neno la hatari kuliko yote, maana aliyezidiwa na mofini ametulia, na aliyeishiwa oksijeni naye ametulia.

Muuguzi mdogo anaweza kuona haya kumkatisha daktari mkubwa. Ndiyo maana kurudia kuwe ni utaratibu wa wodi, usiwe ujasiri wa mtu mmoja. Daktari anayeondoka kabla ya kurudiwa aitwe arudi, na msimamizi wa wodi amuunge mkono muuguzi wake.

Tatizo la saa

Sisi tunasema saa za Kiswahili na tunaandika za kizungu, na kati ya mdomo na karatasi kuna saa 6. Angalia mfano wa hapo juu. Dozi ya parasetamoli iliyotolewa saa 5 asubuhi imeandikwa kwenye chati "11:00". Dozi inayofuata ni saa 11 jioni, imeandikwa "17:00". Muuguzi wa jioni anayekumbuka aliambiwa "saa kumi na moja", akakuta "11:00" imewekwa saini, ataamini dozi ya jioni imeshatolewa, na mama atakaa na maumivu hadi usiku. Kosa likigeuka upande wa pili, mgonjwa anapewa pethidini mara mbili.

Dawa ni hii: sema kwa Kiswahili ukitaja asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara; andika kwa saa 24 tu, tarakimu nne; na anayepokea arudie saa akiwa anasoma kwenye chati, si kwa kukumbuka. Usiandike kamwe "saa 5" kwenye karatasi ya dawa.

Hatua ya 5: Funua shuka pamoja

Kabla aliyeleta hajaondoka, watu wawili waangalie mwili mmoja. Anzeni kwenye bandeji, kisha pitisheni mkono chini ya mgongo na kiuno. Damu hufuata mteremko. Bandeji ya mbele inaweza kuwa kavu huku godoro limelowa.

Kwa mama aliyejifungua, bonyeza mfuko wa uzazi karibu na kitovu. Uwe mgumu kama mpira uliojaa upepo. Ukizama mkononi kama unga uliokandwa, ukande palepale na uite msaada. Tazama pedi, na isiwe khanga. Ndugu huleta khanga kwa upendo, lakini khanga yenye rangi nzito inaficha nusu lita ya damu mchana kweupe. Weka pedi au kitambaa cheupe, na ukitilia shaka pima kwa mizani: ondoa uzito wa pedi kavu, na kila gramu 1 inayobaki ihesabu kama mililita 1 ya damu. Baada ya upasuaji wa kujifungua, jumla inayozidi mililita 1,000 ni kutoka damu kupita kiasi. Usingoje presha ishuke. Mama kijana huishikilia presha yake hadi dakika za mwisho. Mapigo ndiyo hutangulia kusema. Gawanya mapigo kwa presha ya juu (ile namba ya kwanza): jibu likifika 0.9 au zaidi, hali si salama hata kama presha inaonekana njema.

Kama alikuwa na kifafa cha mimba, taja dozi ya mwisho ya magnesiamu, saa, na tako lililochomwa, kwa kuwa inayofuata huenda upande wa pili. Kabla ya kila dozi pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo huzima magnesiamu iliyozidi, ikae kando ya kitanda, si kwenye kabati lililofungwa na ufunguo ukiwa kwa mtu aliyekwenda kula.

Fuata kila mrija kwa kidole kutoka mwilini hadi kwenye mfuko wake. Mkojo ukiwa sifuri, kabla ya kuwaza figo, tazama kama mgonjwa ameulalia mpira au umejikunja. Kiwango cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Kwa mtu wa kilo 70 ni mililita 35. Dreni zikiwa mbili, ziandikwe 1 na 2 kwenye plasta, pamoja na mahali zinapotokea.

Majeruhi wa bodaboda aliyefungwa mguu ana ukaguzi wake: vidole vya mguu viwe na joto, rangi irudi haraka vikibonyezwa, na avichezeshe kama hakupewa ganzi. Maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa vidole vinaponyooshwa taratibu, ni dalili ya shinikizo ndani ya misuli. Usingoje mapigo ya mguu yapotee, hayo hupotea mwisho. Aliyeleta aseme waziwazi ganzi ya mguu itaisha lini, kwa sababu mpaka hapo maumivu hayawezi kumwonya mtu.

Hatua ya 6: Kutoka chumba cha kuamkia

Kipimo kinachotumika sana kuamua kama mgonjwa yuko tayari kutoka ni cha Aldrete cha mwaka 1970, kilichorekebishwa mwaka 1995: mwendo wa viungo, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na oksijeni, kila kimoja alama 0 hadi 2. Afikishe 9 kati ya 10. Aliyepewa dawa ya kulegeza misuli anyanyue kichwa kutoka mtoni kwa sekunde 5. Aliyepigwa ganzi ya mgongo, ganzi iwe inashuka na asiwe analalamika mikono imelegea. Kukosa kitanda chumba cha kuamkia si alama ya Aldrete, ingawa siku zenye orodha ndefu hugeuzwa kuwa.

Hatua ya 7: Kuandika nini kinafuata

Vipimo kila dakika 15 kwa saa 2 za kwanza, kila nusu saa kwa saa 2 zinazofuata, kisha kila saa mpaka daktari aseme vinginevyo. Juu ya chati iandikwe mipaka ya kuita. Kama daktari hakuiandika, tumia hii: pumzi chini ya 10 au zaidi ya 30, oksijeni chini ya asilimia 92, presha ya juu chini ya 90, mapigo chini ya 50 au zaidi ya 120, mkojo chini ya kiwango kwa saa 2 mfululizo, pedi moja kujaa ndani ya saa 1, kutoamka anapoitwa.

Aliyepewa mofini au pethidini akifika pumzi 8 na haamki, mpe oksijeni, mpumulishe kwa puto, kisha naloksoni, dawa inayozima mofini na pethidini, miligramu 0.1 mshipani, rudia kila dakika 2 au 3 hadi apumue vema. Usimwache baada ya hapo. Naloksoni huisha nguvu kabla ya mofini, na mgonjwa anaweza kurudi kulekule.

Saini mbili, ya aliyeleta na ya aliyepokea, na wakati uleule mmoja. Hilo halihitaji maelezo.

Zamu zinapopishana

Epuka kuleta mgonjwa nusu saa kabla au baada ya kubadilishana zamu. Ikibidi, anayeingia ndiye apokee na anayetoka abaki amesimama pale. Jioni, mwenzako anaweza kuwa bado amekwama kwenye foleni ya Ubungo. Hilo halimpi mgonjwa aliyetoka thieta ruhusa ya kukaa bila mwenyewe. Anayetoka hatoki mpaka mgonjwa apokelewe kando ya kitanda, si kwa daftari lililoachwa mezani.

Akihamishiwa hospitali nyingine, mpangilio wa maneno ni uleule, ila simu inatangulia gari. Kutoka Temeke kwenda Muhimbili, au kuelekea Mloganzila kwa barabara ya Morogoro, hesabu muda wa foleni na siyo kilomita. Muuguzi aende naye. Barua iliyopewa ndugu mkononi si makabidhiano.

Ndugu aliye kando ya kitanda

Usiku wodini muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, na mtu pekee anayemtazama huyu muda wote huenda ni mama yake au mjomba wake, pale panaporuhusiwa ndugu kubaki. Mpe naye makabidhiano yake. "Shikamoo mzee. Kijana wako asinywe wala asile chochote mpaka nikwambie, hata uji mwepesi. Damu ikionekana kwenye bandeji, niite. Akikoroma, niite."

Hilo la mwisho litamshangaza, kwa kuwa kwetu anayekoroma amelala usingizi mtamu. Mwonyeshe: ulimi umerudi nyuma, hewa inapita kwa shida, msukume kidevu mbele na umgeuze ubavu. Na akija mezani saa 8 usiku kukwambia kwa furaha kwamba kijana sasa hana maumivu tena, amelala fofofo, nyanyuka uende na saa yako ukamhesabie pumzi dakika nzima.